Kilomita Kumi za Ziada

Jumapili moja ya mwaka 2014 tulitoka Kiboswa kabla jua halijakaza, pikipiki mbili, kila moja imebeba mikungu ya ndizi iliyofungwa kwa mipira ya tairi kuukuu. Tulikuwa tunawahi soko la Kibuye, mjini Kisumu. Anayelijua soko hilo anajua kwamba Jumapili ndiyo siku yake, na mwenye ndizi akichelewa hukuta wanunuzi wa jumla wameshajaza mikokoteni yao. Mwenzangu, tuliyekaa naye steji moja pale Kondele, alikuwa kushoto kwangu. Tulishuka Riat taratibu kwa gia ya chini, tukafika penye tambarare kuelekea Mamboleo, na hapo kila mtu akafungua mafuta kidogo. Yeye alikuwa na mazoea ya kuuacha mshale wake kwenye 40. Wangu ulikuwa kwenye 50. Nakumbuka vizuri kwa sababu nilikuwa nimetoka tu kuutazama, na gurudumu langu la mbele lilikuwa limefika sawa na lake, naanza kumpita.

Ng'ombe dume alitokea kwenye uchochoro baina ya vibanda viwili.

"Omera, dhiang'!" mwenzangu akapiga kelele. Ng'ombe! Tulishika breki kwa pamoja. Yeye alisimama, tairi lake la mbele likabaki kama mkono mmoja kutoka kwenye ubavu wa yule ng'ombe. Mimi nilimgonga.

Nilivunjika mfupa wa paja. Nikalala hospitalini majuma mengi, mguu umenyooshwa kwa kamba na mawe ya uzani, na muda wote huo kulikuwa na swali moja ambalo halikunipa usingizi. Mwenzangu na mimi tulianza breki mahali pamoja. Pikipiki zetu zilikuwa za aina moja, mizigo karibu sawa, lami ile ile kavu. Yeye alisimama. Mimi nilimzidi kilomita 10 tu kwa saa. Basi nilipomfikia ng'ombe, si nilipaswa kuwa na hizo 10 zilizobaki? Kilomita 10 kwa saa ni mwendo wa mtu anayekimbia polepole asubuhi. Mtu hagongi ng'ombe kwa mwendo huo akavunjika paja.

Nilidhani labda breki zangu zilikuwa mbovu. Nilimtuma mwenzangu azikague kwa fundi wetu. Fundi akasema hazina neno.

Jibu lililetwa na dada yangu mdogo, bila yeye kujua. Alikuwa kidato cha tatu, akaja kuniona Jumamosi na kitabu chake cha fizikia kwa sababu Jumatatu alikuwa na mtihani. Akaniomba nimsikilize akikariri. "Nishati ya mwendo ni nusu ya tungamo mara kasi mraba," akasema, macho ameyaelekeza darini. Mimi nami niliwahi kuyakariri maneno hayo hayo miaka mitatu kabla, nikayaandika kwenye karatasi ya mtihani, nikapata alama zangu, nikaenda kununua pikipiki kwa mkopo. Sikuwahi kuyahusisha na barabara. Siku ile nilimwambia arudie. Kisha nikamwomba kalamu.

Niruhusu nikuonyeshe nilichokiandika nyuma ya daftari lake, kwa maana ndicho kilichobadilisha maisha yangu.

Tungamo ni kile kiasi cha kitu ambacho sokoni tunakiita uzito na kukipima kwa kilo. Pikipiki ilikuwa kama kilo 110, mimi 65, ndizi 75. Jumla kilo 250. Kasi lazima iwe katika mita kwa sekunde, na mshale wa pikipiki unasema kilomita kwa saa, kwa hiyo unagawanya kwa 3.6. Kilomita 40 kwa saa ni mita 11.1 kwa sekunde. Kilomita 50 ni mita 13.9.

Mwenzangu: nusu ya 250 ni 125. Kasi mraba, yaani 11.1 mara 11.1, ni karibu 123.5. Zidisha, unapata kama jouli 15,400; jouli ndicho kipimo cha nishati.

Mimi: 125 mara 192.9. Jouli 24,100.

Nilizitazama namba hizo mbili kwa muda mrefu. Breki zake zilikula jouli 15,400 na kumsimamisha pale alipofika ng'ombe. Breki zangu, zikifanya kazi sawa na zake kwa umbali ule ule, zilikula kiasi kile kile. Nilibaki na jouli 8,700. Nikajiuliza: pikipiki yenye kilo 250 na jouli 8,700 inakwenda kasi gani? Unarudi nyuma: gawanya kwa 125, upate 69.4 na ushee, kisha tafuta kipeuo cha pili. Mita 8.3 kwa sekunde. Zidisha kwa 3.6.

Kilomita 30 kwa saa.

Dada yangu alidhani nimeumia kwa jinsi nilivyonyamaza. Kilomita 10 nilizoziongeza hazikubaki 10. Pale ambapo mwenzangu alikuwa amesimama kabisa, mimi nilikuwa bado nakwenda 30. Na kugonga kitu kwa kasi hiyo ni sawa na kuanguka kutoka urefu wa mita tatu na nusu, yaani kudondoka kutoka juu ya paa la nyumba ya mabati, ukatua juu ya mfupa mmoja.

Baadaye nikaona jambo ambalo hadi leo hunisisimua. 30, 40, 50. Hizo ni pande za pembetatu ya Pythagoras ambayo kila mtoto wa shule Kenya ameichora! Mraba wa 30 ukijumlisha na mraba wa 40 unapata mraba wa 50. Haikuwa sadfa. Nishati hufuata mraba wa kasi, kwa hiyo ukitaka kujua kilichobaki baada ya kushika breki, hutoi kasi kutoka kwa kasi. Unatoa mraba kutoka kwa mraba. Na tazama, tungamo limetoweka katika hesabu hiyo. Ungeweka lori mahali pa pikipiki, yote mawili yakipunguza mwendo kwa kadiri moja, jibu lingebaki 30. Jaribu na magari mawili mjini, moja likienda 50 kama sheria yetu inavyotaka, lingine 70. Mahali ambapo la kwanza limesimama, la pili bado linakwenda 49. Huyo wa 70 anamgonga mtoto kwa karibu kasi yote ambayo mwenzake alianza nayo.

Nilipoweza kutembea bila magongo niliuza kilichobaki cha pikipiki, nikaenda chuo cha ualimu. Sasa nafundisha fizikia na hesabu katika shule ya kutwa Kaunti ya Nakuru, kando ya barabara kuu iendayo Eldoret. Malori tunayasikia darasani mchana kutwa.

Wanafunzi wangu hukosea hesabu hii kwa njia mbili, na njia hizo ni zile zile kila mwaka. Wa kwanza husahau kugawanya kwa 3.6, akaweka 50 moja kwa moja, na jibu lake likawa karibu mara 13 ya lile la kweli. Wa pili huzidisha tungamo kwa kasi kisha akapiga mraba kila kitu. Mraba ni wa kasi peke yake. Wa kwanza namwambia aandike vipimo pembeni ya kila namba, kilo pembeni ya kilo, sekunde pembeni ya sekunde, hata kama mkono unauma. Wa pili namwambia apige mraba kwanza, aandike jibu, ndipo aguse namba nyingine.

Lakini swali lililonipendeza kuliko yote liliulizwa na msichana anayekaa karibu na dirisha, ambaye huongea mara chache. "Mwalimu, hiyo nusu imetoka wapi?" Wengine wakacheka. Mimi sikucheka, maana hata mimi nilipokuwa mwanafunzi sikuwahi kuuliza, na hakuna aliyewahi kuniambia.

Tukaichukua pikipiki yangu ya zamani na ndizi zake. Kilo 250, inaanza ikiwa imesimama, na baada ya sekunde 5 inakwenda mita 10 kwa sekunde. Imesafiri umbali gani? Nusu ya darasa likasema mita 50. Hapana. Mwanzoni ilikuwa haijaenda popote, na mwishoni ndipo ikafika 10. Wastani wake ni 5. Kwa hiyo imekwenda mita 25. Nusu imezaliwa hapo, kwenye wastani. Kila sekunde iliongeza mita 2 kwa sekunde, kwa hiyo kani iliyoisukuma ni 250 mara 2, nyutoni 500. Kazi ni kani mara umbali: 500 mara 25, jouli 12,500. Sasa tumieni kanuni, nikawaambia. Nusu, mara 250, mara 100. Yule msichana alimaliza kabla ya wote, akainua daftari bila kusema kitu. 12,500.

Kuna kitu kinachotokea katika uso wa mwanafunzi anapoona kwamba kanuni haikushuka kutoka mbinguni. Siwezi kukieleza, lakini ndicho kinachoniamsha asubuhi.

Kwa ule mraba, maneno hayatoshi, lazima mtu aone. Nilikwenda gereji nikaomba gololi kubwa ya chuma iliyotoka kwenye beringi ya lori. Tukachimba udongo wa mfinyanzi, tukaukanda kama unga wa chapati, tukausawazisha ndani ya karai. Tuliangusha gololi kutoka sentimita 25, kisha kutoka mita 1. Urefu ukiongezwa mara nne, kasi ya kutua huongezeka mara mbili tu; hilo tulilipiga hesabu kabla: mita 2.2 kwa sekunde na mita 4.4. "Shimo litakuwa na kina mara ngapi?" nikauliza. Karibu wote wakasema mara mbili. Tulipima kwa rula. Shimo la kwanza lilikuwa milimita 4. La pili 15. Kasi mara mbili, shimo karibu mara nne.

Jaribio hilo si langu. Mholanzi Willem 's Gravesande alilifanya kwa mipira ya shaba, akachapisha matokeo yake mwaka 1722, wakati wasomi wa Ulaya walikuwa wanagombana kwa ukali. Wafuasi wa Newton walishikilia kwamba nguvu ya kitu kinachokwenda hupimwa kwa tungamo mara kasi. Leibniz alikuwa amedai tangu 1686 kwamba ni tungamo mara mraba wa kasi. Aliyeuona uzito wa yale mashimo na kulitetea dai la Leibniz kwa maandishi ni mwanamke wa Kifaransa, Émilie du Châtelet, katika kitabu chake cha fizikia cha mwaka 1740. Huyo huyo ndiye aliyetafsiri kazi kuu ya Newton kwa Kifaransa, na tafsiri ikatoka kamili mwaka 1759, yeye akiwa amekufa miaka 10 kabla. Hakuwa adui wa Newton. Aliutazama udongo akasema udongo ulichosema. Ile nusu yetu ilikuja kukaa rasmi mbele ya kanuni baadaye sana, kwa kazi ya Mfaransa Coriolis mwaka 1829. Nilipowasimulia haya, yule msichana wa dirishani aliandika jina la du Châtelet kwenye jalada la daftari lake, akakosea herufi, akaniuliza, akaandika upya.

Pande hizi za Nakuru huwezi kufundisha somo hili ukaishia kwenye gololi. Baadhi ya wanafunzi wangu baba zao ni madereva wa masafa marefu. Kila mtu hapa anaijua Salgaa, anaijua Sachangwan, miteremko ya barabara yetu inayojulikana kwa ajali, na ana mtu aliyempoteza huko au anamjua aliyempoteza. Baada ya ajali za mwisho wa mwaka 2017 serikali ilijenga ukuta wa zege katikati ya barabara ili magari ya kushuka yasiingie upande wa yanayopanda. Na tarehe 30 Juni 2023, kwenye makutano ya Londiani, lori lenye kontena liliacha barabara likawaingia watu waliokuwa kwenye biashara zao. Walikufa zaidi ya 50. Juma lile sikufundisha somo jipya.

Nilikaa na dereva mmoja mzee Salgaa, tukinywa chai, nikamwuliza mlima unashukwa vipi. "Kijana wangu," akaniambia, "unaushuka kwa gia ambayo ungeupandia. Mwenye kutoa gia ili aokoe dizeli, huyo breki zake zitamnukia kabla hajafika chini. Na ukishazinusa, umechelewa."

Nilirudi darasani na maneno yake, nikayageuza kuwa hesabu. Chukua lori la tani 40 likienda kilomita 80 kwa saa, kasi ambayo sheria inaliruhusu. Nishati yake ya mwendo ni karibu jouli milioni 10. Ni nyingi mno. Lakini sasa lishushe mlima, tuseme mita 300 za wima kutoka juu hadi chini, likibaki kwenye 80 ile ile. Nishati ya kimo linayoiachia ni tungamo, mara 9.8, mara urefu: karibu jouli milioni 118. Karibu mara 12 ya ile ya kwanza! Kasi haijaongezeka hata kidogo, kwa hiyo zote hizo lazima zikaliwe na kitu fulani njiani. Upepo na msuguano wa matairi huchukua sehemu. Zilizobaki, ama injini izile, kwa kuzungushwa na magurudumu kwenye gia ya chini, ama breki zizile. Dereva akitoa gia, mlaji amebaki mmoja.

Na breki hazina njia nyingine ya kula isipokuwa kugeuza mwendo kuwa joto. Jouli milioni 118 zinatosha kuchemsha lita 350 za maji kutoka nyuzi 20, yaani mitungi 17 ya lita 20 na nusu ya mwingine. Hebu fikiria joto hilo lote linaingia kwenye vipande vya chuma vilivyo ndani ya magurudumu. Ngoma za breki hutanuka, viatu vya breki vikakosa kuzifikia vizuri, vitambaa vyake vikapoteza mshiko. Dereva anakanyaga na hakuna kitu. Watu husema breki zimekataa. Breki zimeshiba.

Kijana mmoja alinijia baada ya kipindi. Baba yake huendesha trela kati ya Mombasa na Malaba. Alikuwa ameandika hesabu ile upya kwa tani 28 badala ya 40, kwa sababu alisema lori la baba yake likirudi huwa na mzigo nusu. Alitaka kujua kama ameipata sawa. Alikuwa ameipata. Aliniomba nimwekee alama ya vema kwa kalamu nyekundu, kwa maana alitaka kumwonyesha baba yake.

Mwezi wa Desemba uliopita nilikwenda Kisumu. Mwenzangu bado yuko steji ile ile, sasa ndiye mwenyekiti wao, na mshale wake bado unakaa kwenye 40. Nilimwambia kuna kitu nilikuwa nimekiacha nje ya hesabu yangu ya hospitalini. Nilidhani kwamba tulianza breki mahali pamoja. Haiwezekani. Alipopiga kelele tulikuwa sambamba, lakini kati ya jicho kuona na mkono kukaza kuna kama sekunde moja, na katika sekunde hiyo yeye alikwenda mita 11 na mimi 14. Kwa tairi zuri na lami kavu, breki zikipunguza mita 7 kwa sekunde kila sekunde, yeye alihitaji mita 20 tangu kumwona ng'ombe hadi kusimama. Mimi nilihitaji karibu 28. Na pale alipokuwa ng'ombe, mimi sikuwa kwenye 30. Nilikuwa kati ya 37 na 38.

Alinitazama, kisha akaniambia nipande nyuma. Tulikwenda hadi Mamboleo. Uchochoro bado upo, ingawa vibanda vimekuwa maduka ya mawe. Tuliegesha pembeni, tukangoja magari yapite, akasimama pale aliposimama siku ile, akakumbuka kwa mwembe. Mimi nikaanza kutembea kutoka alipokuwa yeye kuelekea Kondele, nikihesabu, mguu wa kushoto ukichelewa kidogo kama kawaida yake. Mita 8 ni hatua 10 za mguu wangu. Nilipofika ya kumi niligeuka, na mwenzangu alikuwa karibu kiasi kwamba sikuhitaji kupaza sauti.

"Hapa," nikamwambia.